Sanduku Namba 214

Barua ilifika Jumatano, pamoja na ya maji na ya daktari wa meno:
benki inafunga chumba chake cha chini,
wenye masanduku waje wachukue vyao kabla ya mwezi kwisha.
Mama aliisoma amesimama, koti bado mwilini,
akaikunja mara nne,
akaitia kifuani, benki yake ya kwanza.

Miaka thelathini na mmoja,
na mimi mwanawe, dereva wake, mjazaji wa fomu zake zote,
sikujua kwamba chini ya maduka ya Coventry
tulikuwa na chumba.
Upana wake boflo moja,
urefu wake mkono hadi kiwiko,
kodi imelipwa kila Februari
kwa mshahara wa usiku, wa kufua mashuka ya hospitali.

Tukashuka ngazi. Harpreet wa benki alitangulia
na ufunguo wake; Mama na wake.
Sharti funguo mbili zizunguke pamoja, mmoja pekee haufungui.
"Kama ndoa," Mama akamwambia,
na msichana wa watu akacheka, asijue
kwamba baba aliondoka na wake mwaka wa tisini na nane
na hadi leo hajaurudisha.

Akatuvutia pazia, akatuacha.

Nilitarajia dhahabu. Sikatai.
Nilikwisha kumsikia sonara akitaja bei.
Kilikuwapo kipuli, kimoja.
Mwenzake aliuzwa kulipia gesi
msimu ule wa baridi ulipozaliwa wewe, akasema,
kama anayetaja bei ya vitunguu.

Na hati ya kiwanja cha Mtongwe, muhuri bado mwekundu,
kiwanja ambacho mjomba Swaleh amekiuza mara mbili
kwa watu wawili, kwa karatasi nyingine.
Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tulivyofunzwa.
Hakuna aliyetufunza habari ya daftari bila mali,
linalolipiwa kodi chini ya ardhi ya watu,
hewa yake ikikaushwa kwa mashine
lisije likaota ukungu.

Chini kabisa, ndani ya soksi,
bangili ya plastiki ya hospitali.
Mtoto wa kike wa Mwanatumu. Kilo mbili na robo.
Tarehe tisa Februari, mwaka mmoja kabla yangu.
Mama aliivisha kidole gumba
ikakwama kwenye fundo.
Sikuuliza. Naye hakueleza.
Nje ya pazia Harpreet alikohoa kwa adabu.

Basi likatujaa ushauri.
Pauline wa ghorofa ya pili huficha pasipoti
kwenye friza, chini ya njegere;
wezi, asema, hawali mboga.
Shemeji akataka kasha la chuma,
lenye kustahimili moto nusu saa.
"Na dakika ya thelathini na moja?" Mama akauliza.
Lakini tulilinunua. Nililifunga kwa skrubu nne
sakafuni mwa kabati, nyuma ya viatu vya Idi,
nikampa kitabu cha maelezo, nikageuka
achague namba zake sita.

Wiki iliyopita alikuwa kazini,
na ofisi ya uhamiaji ikataka cheti cha ndoa, leo, kabla ya saa kumi.
Nilijaribu siku yangu ya kuzaliwa. Taa nyekundu.
Nikajaribu ya harusi yao, nikajicheka.
Nikakaa sakafuni muda, kiatu kimoja mkononi.
Kisha sifuri, tisa. Sifuri, mbili.
Kidole kilikuwa kizito nilipofikia mwaka.

Kikafunguka.
Pasipoti, hati, kipuli, cheti: vyote vimo, vimepangwa.
Soksi haimo.
Nilichukua nilichoagizwa, nikafunga,
nikavirudisha viatu jinsi vilivyokuwa,
cha kushoto mbele.