Hesabu ya Sekenke

Nimeshuka Shelui saa tano, jua limeshakaza.
Wa bodaboda akaniuliza: unanunua au unauza?
Nikamwambia naenda kuangalia. Akacheka,
akaongeza elfu mbili kwenye nauli.

Mlima huu malori huushuka kwa breki na sala.
Sisi tuliukwea kando, kwa njia ya mbuzi,
mpaka palipokuwa mji: ngazi za saruji
zinazopanda kwenda hewani,
boila la kutu, kuku ametagia ndani,
ukuta mmoja wenye dirisha, na dirishani
Wembere yote, na Kitangiri inang'aa kwa mbali
kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.

Hapa ndipo Msengi, babu yake baba, alipoletwa
kuitolea jasho kodi ya kibanda chake.
Alirudi Kisiriri na blanketi, na kikohozi,
na namna yake ya kuhesabu mbuzi:

aini, svai, drai,
fiya, funfu,
zibeni, akta

Tulidhani ni Kinyiramba cha zamani.
Nimekua nayo kinywani kama jino.
Hata leo, Dodoma, benki, dirisha la tatu,
midomo yangu inahesabu kama ilivyofundishwa,
lakini vidole, vidole vinaanza na aini.

Na kila mwaka, mnadani, mbuzi walipungua mmoja.
Bibi alilaani fisi. Alilaani madalali.
Baba mdogo alichapwa kwa wizi ambao haukuwepo.
Nilikuwa darasa la saba nilipogundua
kwamba baada ya funfu hesabu yetu inaruka.
Sita haimo.
Nikamwambia bibi. Akanisogezea ugali:
mzee alijua alichokihesabu, wewe kula.

Mama Eliwaza amekaa juu ya lundo la marudio,
mchanga ambao Wajerumani waliumaliza,
Waingereza wakaumaliza, serikali ikaumaliza,
naye anauosha tena.
Zebaki yake imo kwenye kizibo cha soda.
Nilimwamkia, akaitika bila kuinua macho,
maana alikuwa anahesabu makarai ya mwanawe:

aini, svai, drai, fiya, funfu,
zibeni.

Miguu yangu ikasahau kazi yake.
"Mama, na la sita?"
"La sita?" Akayatazama makarai. Yalikuwa sita.
"La sita lilikuwa la msimamizi. Haliandikwi."
Kijana akatema mate pembeni. "Si hivyo.
Ni shimo. Shimo la sita, pale kwenye minyaa.
Walioshuka hawakupanda. Ndiyo maana halitajwi."
"Wewe ulikuwepo?"
"Na wewe ulikuwepo?"
Wakabishana kwa raha, kama watu wenye ugomvi wa kila siku,
huku matope yakituama kwenye beseni.

Nikaenda kwenye minyaa. Palikuwa na minyaa.
Nikarusha jiwe, nikatega sikio.
Sikulisikia likifika.
Pengine liliangukia nyasi.

Sikununua kitu. Nilibeba karai moja
toka lundoni mpaka majini, hatua ishirini na kitu,
na shingo ikaniuma siku nne.
Sikumwambia mama Eliwaza kwamba tunazungumza lugha moja,
lugha ya namba tu, isiyo na neno la maji wala la pole.
Yeye aliniambia: ukirudi, njoo na sabuni.

Jumatatu, dirishani. Mzee wa alizeti,
bunda la noti nyekundu, limefungwa kwa kamba ya katani.
Mashine imeshahesabu. Nahesabu tena kwa mkono,
sijui kwa nini, moja moja, mpaka ya tano.
Hapo vidole vinasimama.
Mzee anakohoa kikohozi kikavu, cha vumbi la siku nyingi.

"Sita," nasema,
kwa sauti kubwa mno.
Foleni nzima inageuka kunitazama.