Kimya Nacho Kina Uzito

Mama aliganda saa nane na dakika kumi,
mdomo wazi, jicho moja limefumba,
kijiko cha mzee anayemlea huko Bari
kimening'inia kati ya supu na hewa.
"Lasha, una—"
na hilo "una" likabaki nasi hadi saa tisa.
Una nini? Una homa? Una deni?

Jumapili ya nne hiyo. Nikawapigia watu wa kampuni,
wakasema laini ni safi, Kutaisi yote inapumua.
Nikazima televisheni. Nikamshuku mtoto wa jirani.
Nikabadili nywila, nikaipa jina la mbwa wetu aliyekufa.
Wapi!
Ruta ilipepesa taa zake zote
kama mtu mwenye mfupa kooni
na bado anaulizwa maswali.

Basi nikaketi jikoni na kompyuta
kuhesabu kinachopita humu ndani.
Si nje: humu, kati ya ukuta na ukuta.
Pakiti mia kadhaa kila sekunde
zinatoka chumba cha babu,
na haziendi kwa mmoja, zinaenda kwa wote:
kwa spika nne, sawa, lakini pia kwa mashine ya kufulia,
kwa simu ya bibi, kwa taa ya sebuleni,
kwa kila chenye sikio na kisicho na haja.
Na kwa kuwa hewani tangazo la wote
huenda kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa,
msafara mzima ulikuwa ukiingoja
printa moja kiwete ya ghorofani.
Mama alisimama foleni, kofia mkononi.

Santuri.
Ni mimi niliyemfungia babu Valiko ule mtambo
mwaka mmoja kabla ya kifua kumshinda,
ili nyimbo za sauti tatu za kijiji chake
zimfuate toka kitandani hadi bafuni.

Lakini nyumba ilikuwa kimya.
Nilitega sikio kwenye spika ya jikoni: kimya.
Ya sebuleni: kimya kilekile, nguo ileile.

Nikapanda. Bibi Tsiala ameketi
anamenya vitunguu saumu mapajani.
Sahani inazunguka. Sindano imefika
mfereji wa mwisho usio na wimbo,
inakwaruza kidogo, kama mtu anayetaka kuanza kusema.

"Bibi, wimbo umekwisha."
"Najua. Uliisha asubuhi."
"Mbona hujazima?"
"Hapa ndipo alipokuwa akikohoa
kabla ya kugeuza upande wa pili."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema.
Mimi naongeza, kwa vipimo nilivyoviona kwa macho:
kimya kisichobanwa kina uzito wa wimbo.
Mashine haijui tofauti. Hubeba sekunde tupu
kwa nauli ileile ya kubeba kwaya,
kila moja na bahasha yake, na anwani yake.

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya swichi.
Bibi hakunitazama. Alikuwa na kitunguu kigumu.

Jumatatu nikanunua waya, mita ishirini na tano,
wa kijivu, na misumari midogo.
Bibi akashika ngazi, akalalamikia vumbi.
Nikaupitisha juu ya mlango, nyuma ya kabati la vyombo,
ndani ya tundu alilotoboa babu kwa ajili ya antena,
kila spika na njia yake, isikanyage ya mwenzake.
Hewa nikaiachia simu.

Jumapili mama akaja mzima.
Kijiko kilifika kinywani mwa mzee.
"Lasha, una—"
"Sina homa, sina deni, nakula."
"Una bibi hapo karibu? Ndicho ninachouliza
tangu mwezi jana."

Bibi akainua kidole: ngoja.
Toka spika nne, kwa pamoja, ule mkwaruzo.
Mama aliusikia. Najua, kwa sababu alinyamaza,
na picha haikuwa imeganda: nywele zake zilitikisika
kwa feni ya jikoni la watu.

Nyuma yake mzee wa Bari akaomba chumvi.