Mafundo Tisa

Simatwa wa ploti atakuja saa nane na tochi yake,
tochi mchana kweupe,
kumulika nyuma ya mlango kama atafutaye mwizi.
Kwa hiyo nimeamka kabla ya adhana ya Kaptembwo,
leso kiunoni, ndoo mbili,
sabuni ya kipande na wembe mkuukuu.

Masizi kwanza. Pale jiko lilipokaa
ukuta umeweka kivuli cha kila ugali tulioula.
Nasugua. Kivuli kinalegea, kinachuruzika,
kinanifuata hadi kwenye viwiko.

Misumari sita nimeing'oa kwa koleo la kuazima:
wa kalenda, wa saa iliyokufa,
wa koti la mtu ambaye siku hizi
hutundika koti lake Molo.
Matundu nimeyaziba kwa dawa ya meno,
nikalainisha kwa kidole gumba.
Chumba kizima kinanukia mnanaa.
Sisi wa hapa maji yametutia kahawia menoni,
basi walau ukuta upige mswaki,
ucheke mweupe kwa niaba yetu.

Miaka saba nimepanga humu.
Nimepanga? Sikupanga hata kimoja,
si lile koti kuondoka,
si kodi kupanda elfu moja
kwa ujumbe wa simu ulioanza, "Mpangaji mpendwa."

Na vumbi la Nakuru halikubali kuhama.
Nalitoa mlangoni, linazunguka,
linarudi kwa dirisha
kama jirani aliyesahau kibiriti.

Fremu ya mlango nimeiacha mwisho.
Hapo penseli imepanda ngazi:
Namalwa wa darasa la kwanza, chini ya kitasa.
Namalwa baada ya tetekuwanga, hakuongeza kitu.
Namalwa juu ya visigino, akidanganya.
Sasa yuko bweni. Shule ikifungwa Agosti
atakuja kulala Njoro, nyumba asiyoijua,
apapase swichi upande usio wake.

Nikachukua kamba ya kuanikia nguo,
nikaikanyaga ncha sakafuni,
nikapiga fundo penye kila alama.
Tisa.
Kisha tambara, mate, sabuni.
Penseli haikubishana. Ilitoka upesi kuliko masizi,
na hilo ndilo lililoniuma.

Saa tisa, tochi na mluzi ngazini.
Simatwa akagusa ukuta, akanusa kidole,
akanitazama, akanyamaza.
Kioo cha choo kina ufa: mia nane.
Rangi ni lazima, hata ungepaka jana: elfu mbili.
Amana yangu ikaisha taratibu
kama sabuni iliyosahaulika ndani ya beseni.

"Na hii kamba? Ni ya ploti?"
Nikasema ni kipimo cha pazia.
Akaipitisha vidoleni, fundo baada ya fundo,
hapa yamekaribiana, hapa yameachana.
"Pazia lako," akasema, "linakua,"
akanirudishia,
akaanza kutafuta kalamu ya kuandika risiti.