Kanga Saba

Miaka thelathini na moja nilikaa Horohoro,
kalamu sikioni, mhuri mfukoni,
nikichoma magunia ya machungwa kwa chuma chembamba
nisikie kama kuna kitu kinachogoma ndani.
Nilikamata betri matumboni mwa papa mkavu,
saa za mkono ndani ya mkate,
na jeneza moja, Mungu anisamehe, limejaa sukari.
Watu waliniita Pua.

Leo niko Bombo, kwenye benchi la wodi ya juu.
Bahari iko dirishani; siitazami.
Namtazama Daktari Shekiondo
akichora nyuma ya karatasi ya majibu ya mke wangu.

Duara. "Hii ni seli," asema.
"Dawa iliingia vizuri, uvimbe ukanywea.
Mizunguko minne. Halafu seli zikajifunza."
Anachora vijipampu ukingoni.
"Dawa ikitia mguu tu, hivi vinaitema nje.
Tukizidisha dawa, nazo zinazidisha pampu,
na anayeumia ni mama: nywele, kucha, utumbo."

Kazi hiyo naijua.
Kila seli imeajiri Pua wake,
halali, hahongeki, hana Ijumaa.
Kwa mara ya kwanza maishani
nilimchukia mtu anayefanya kazi yake sawasawa.

"Sasa?"
"Sasa tunaificha."
Akaweka nukta, akaona ni kubwa mno, akacheka.
"Chukua unywele mmoja, upasue mara elfu.
Kitone cha mafuta cha unene huo, dawa imo ndani.
Pampu zinaijua dawa; kitone hazikijui.
Seli yenyewe inakimeza kama tonge,
inakifikisha ndani kabisa, mbali na mlango,
na huko kwenye uchachu, ganda linafumuka."

"Magendo," nikasema.
Alisita. "Naam, mzee. Magendo."

Kitandani, Mwajabu akacheka,
kicheko ambacho sikukisikia tangu mfungo wa Ramadhani.
"Bwana Forodha," akaniita, "wakumbuka
mwaka ule sabuni ilipokuwa dhahabu?"
Na kwa sauti iliyokwanguliwa na dawa
akanitolea beti, yeye binti wa Ngamiani,
kidole kikihesabu mizani juu ya shuka:

Nilivaa kanga saba, ukaniona mnene,
Ukacheka: umeshiba, pita mama, tuonane;
Na dawa ivae juba, mlinzi asiione,
Ikivuka, haba haba, ivue, ikapigane.

Miaka arobaini kasoro tumelala kitanda kimoja
na hakuwahi kuniambia.
Kanga saba! Nami Pua, chuma mkononi,
nikamsimamishia hata lori la kumpeleka mjini,
nikauliza jina lake.

"Si muujiza," daktari akasema, akikunja karatasi.
"Ni majaribio. Wengine wanapata miaka,
wengine miezi, wengine homa tu."
Mwajabu akaitikia kwa kichwa
kama mtu anayeambiwa bei na kuiona si mbaya sana.

Nikauliza dawa iko wapi.
Daktari akatazama viatu vyake.
Sanduku lipo Dar es Salaam, tangu Jumanne,
kwenye barafu, forodhani.
Linasubiri mhuri.