Kuliko Ni Wapi?

Asubuhi nimemwaga kapu zima mkekani:
mwiko, kijiko cha chai, ndala isiyo na mwenzake,
chungwa la Muheza na danzi la uani kwetu,
jiwe jeupe la Pongwe, mfuko wa sufi,
na mizani niliyoiunda jana usiku
kwa hanga ya waya na makopo mawili ya siagi.
Mume wangu alinitazama, akacheka:
"Bi Chausiku, unafungua duka?"
Nikamwambia, ndiyo, na wateja thelathini na mmoja,
wote wa mkopo.

Chekechea yetu, hapa Makorora,
zamani ilikuwa ghala la mkonge.
Mpaka leo ukifagia kona
unaokota nyuzi za katani.

Tukaanza na rahisi.
Mwiko ni mrefu kuliko kijiko.
Wakaitikia kama wanaoitikia dua,
sauti juu, macho kwenye chungwa.
"Haya, mfuko wa sufi na jiwe, kipi kizito?"
Mfuko! Kwani si ndio mkubwa?
Hanga ikainama upande wa jiwe.
Singano akasimama, mikono kiunoni:
"Jiwe limedanganya."
Tukapima tena. Likadanganya tena.

Ndipo Mbwana, ambaye huwa haulizi kitu,
ambaye huja na uji kidevuni akaondoka nao,
akasema, "Mwalimu, Kuliko ni wapi?"

Wapi nini?

"Umesema mwiko mrefu Kuliko.
Chungwa tamu Kuliko.
Huko Kuliko, ni kupita Pangani?"

Wenzake walicheka hadi mmoja akajikojolea.
Mimi sikucheka.
Miaka kumi na tisa nalifundisha neno hili
na sikuwahi kuliona lina mlango:
ku-li-ko,
kule kuliko na kitu,
kitu kimoja kimesimama kinangoja
ili mwenzake ajulikane.

"Ni hapa, Mbwana. Laza kijiko.
Sasa laza mwiko ubavuni mwake."
Akalaza, ulimi nje kwa bidii.
Halafu akaweka kidole mkekani
pale kijiko kilipokoma
na mwiko ukaendelea.
"Hapa?"
Hapo.

Mwanamkasi akatia mkono mfukoni,
akatoa uzi wa katani, fundo huku, fundo huku.
"Huu ni mrefu kuliko."
Kuliko nini, mama?
"Uko sawa na mimi.
Mama alinipima siku anakwenda Maskati.
Akakata nyuzi mbili, zikalingana,
mmoja akaondoka nao. Atanishonea gauni."

Ilikuwa mwaka juzi, hiyo.

Nikamsimamisha ukutani.
Fundo la chini nikalibana kisiginoni,
la juu nikalivuta, likagomea sikioni.
Nikatia alama ya chaki hapo,
na nyingine utosini.
Darasa likapaa: Uzi ni mfupi kuliko Mwanamkasi!
Makofi, vigelegele, sentensi sahihi kabisa,
mkaguzi angenipa vema.

Yeye hakupiga makofi.
Akaunyakua uzi, akajipima mwenyewe,
akakunja magoti, taratibu,
akazidi kuyakunja
mpaka uzi ukamfika.
"Sasa sawa," akasema.
"Sawa na ule wa Mama."

Nikagawa chungwa. Danzi nalo wakalilamba,
wakakunja nyuso, wakaomba tena.

Kengele imelia, wamekwenda,
Singano na jiwe lake la uongo chini ya shati.
Ninakusanya mwiko, ninakusanya ndala.
Mbwana bado yuko ukutani, juu ya kiti changu,
kidole kimoja kwenye alama ya chini,
kingine kwenye alama ya juu.

"Mwalimu, Kuliko ya hapa
ni ndogo kuliko ya mwiko."

Ndiyo, ndogo.

"Tuipime kwenye hanga?"

Nikayatazama makopo mawili ya siagi,
yote matupu,
yakiyumba kidogo kwa upepo wa mlangoni.