Nimeiwekea Nini

Chilongola karudi na kikopo kutoka duka la dawa, Majengo.
Kidonge kimoja, vijiko viwili vya sukari,
anasema, na ndani hamna kitu.

Kisicho na kitu kinakolezaje chai?

Akanywa.
Utamu ulitangulia, chai ikafuata,
kisha ladha ya bati ikalala ulimini.
Jioni kaweka viwili, akavuta andazi la tatu:
"Si nimeokoa sukari?"

Nesi wa Makole hakuapa.
Utafiti bado wanabishana, alisema,
ila ulimi wako, baba, haujafundishwa lolote.

Basi tunapunguza, robo kijiko kila wiki,
na amenuna wiki zote hizo.

Leo nimempa zabibu ya Mpunguzi, punje moja.
Akatafuna polepole,
akaniuliza nimeiwekea nini.