Usingizi wa Unga

Velislava huwapa kwanza maziwa yasiyo mafuta
na sukari, si kwa kuwadekeza:
sukari ishikilie ngozi zao maji yatakapoondoka.
Maji ni uhai, ndivyo tulivyofunzwa;
lakini yakiganda ndani ya kiumbe kidogo hivi
ni misumari.

Nyuzi arobaini chini ya sifuri. Mlango. Pampu
inanyonya hewa usiku kucha, Plovdiv imelala,
na barafu inageuka mvuke bila kulowesha chochote.

Mama yake, huko Tran, chungu chake cha mtindi
hukifunika blanketi la sufu, akakinong'onea.
Juzi kwenye simu: "Sasa hao wako,
wamelala au wamekufa?"
"Sijui, mama. Kesho."

Kesho ni kichupa chepesi, unga wa rangi ya jino.
Tone la maziwa vuguvugu. Polepole:
aamshwaye kwa pupa hufia mlangoni.

Siku mbili baadaye anahesabu madoa kwenye kisahani.
Kati ya kila mia, sitini na moja.
Anaandika 61.
Kisha anakaa na kalamu yake;
nafasi ya wale thelathini na tisa
haimo kwenye fomu.